Uzi Mwekundu wa Manunuzi

Katika duka la vifungo kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi ya kodi ilikuwa ya Shangazi. Hakuna aliyempa. Baba yao alipofariki aliwaachia duka yeye na mdogo wake wa kiume, na huyo mdogo wake, ambaye mafundi cherehani wote walimwita Bosi, alikuwa akiona tu karatasi yenye mistari anaanza kupiga miayo. Basi Shangazi akaibeba. Jina lenyewe la Shangazi lilikuwa la watoto wa Bosi, lakini lilitoka nyumbani likaingia dukani, likavuka barabara, mpaka watu waliomzidi umri nao wakawa wanamwita Shangazi.

Alikuwa na mtindo wake, ambao hakufundishwa na mtu. Duka lile liliuza nyuzi, zipu, lastiki, bitana na vifungo vya kila namna, kwa hiyo sindano haikuwa mbali. Kila jioni kabla ya kufunga, alikusanya nakala za risiti za siku ile akazipitisha uzi pembeni, moja juu ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Risiti za walichouza aliziweka kwenye uzi mweusi. Risiti za walichonunua wao kwa wenye maghala aliziweka kwenye uzi mwekundu. Mwezi ukiisha anapiga fundo, anakaa chini kuandaa ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi. Anajumlisha kodi waliyowatoza wateja kwenye uzi mweusi, anaondoa kodi ambayo duka lenyewe lilishalipa kwenye uzi mwekundu, na kinachobaki ndicho cha serikali. Hesabu ni hiyo tu. Lakini ukikosea, utajuta.

Halafu inakuja siku ya kuipeleka. Siku hiyo Shangazi alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kufunga, akajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, akaenda ofisi ya kodi na nyuzi zake zikining'inia mkononi. Wenye maduka wengine walikaa kwenye benchi na mifuko ya plastiki, wakichambua karatasi zilizokunjamana kama majani ya kabichi. Yeye alikuwa akifika tu, bwana wa dirisha la tatu anainuka kidogo kwenye kiti na kusema, "Mama Uzi huyo." Siku moja bwana huyo aliziinua zile nyuzi juu watu wote wazione, akawaambia kazi inafanywa hivi. Shangazi alirudi nyumbani siku ile hakuhisi jua.

Sasa wifi yake, mke wa Bosi, alikuwa akifanya kazi ya keshia kwenye duka moja la dawa. Duka lile la dawa likahama, naye akaona badala ya kutafuta kazi kwa watu ni afadhali asaidie duka la nyumbani. Shangazi alimkaribisha vizuri, akamwonyesha lastiki nyembamba zinakaa wapi na pana zinakaa wapi. Hakuona ubaya. Ubaya aliuona siku Bosi alipoweka kijiko chini katikati ya chakula cha mchana na kusema kwamba siku hizi ritani zinapelekwa kwa simu, mke wake alikuwa akizipeleka kule kwenye dawa bila kuinuka kitini, kwa hiyo kuanzia mwezi huu atafanya yeye. "Dada naye apumzike," akamalizia, akaendelea kula.

Apumzike. Shangazi alitafuna tonge lile lile mpaka likaisha ladha.

Tangu siku hiyo macho yake yakawa hayabanduki kwa wifi yake. Akiketi, aliona anavyoketi. Wifi alikuwa amevuta kile kigoda cha kaunta, ambacho kwa miaka yote kilikuwa kimepinda kufuata mwili wa Shangazi mwenyewe, akakigeuza upande wa dirishani ili simu ishike mtandao. Bosi akawa anamletea chai pale pale. Bosi yule yule ambaye hakuwa akijua kikombe kinakaa kabati gani! Wakainamisha vichwa pamoja kwenye kile kisimu, mmoja anaonyesha, mwingine anacheka, na Shangazi nyuma yao anapima bitana kwa mkono na kujifanya hasikii.

Mafundi nao hawakosi la kusema. Mmoja wao, anayeshona suruali tu na kwa hiyo akaitwa Fundi Suruali, aliegemea kaunta akamuuliza taratibu, "Shangazi, naona umepata naibu. Au naibu ni wewe?"

"Nunua zipu zako uende," Shangazi akamwambia.

Fundi akacheka akaenda, lakini maneno aliyaacha, nayo yakakaa pale dukani kama harufu ya mafuta ya taa.

Siku ya kuandaa ritani ilipofika, wifi alimjia kwa adabu zake zote. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo nalo lilimkera Shangazi, maana mtu ukimwonea wivu unatamani angalau awe na kiburi. Akaomba risiti za mauzo. Shangazi akampa uzi mweusi. Wifi akaupokea kwa mikono miwili, akausifu, akasema hajawahi kuona risiti zimepangwa vizuri namna hii. Kisha akauliza, "Na za manunuzi, wifi?"

Uzi mwekundu ulikuwa mfukoni mwa aproni ya Shangazi. Aliuhisi pajani. Hakuwa amepanga kusema uongo, lakini alipofungua mdomo ulishakuwa umefika.

"Za manunuzi hatuna. Wale wenye maghala hawatoi risiti."

Wifi akamtazama kidogo. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Andika mauzo tu."

Wifi akasema haya, akaenda kukaa dirishani. Shangazi akaingia stoo, akafungua katoni ya vifungo vikubwa vya makoti, ambavyo baba yao alivinunua kwa kukosea na hakuna aliyewahi kuviulizia, akauzika ule uzi chini kabisa. Alijua kitakachotokea. Bila manunuzi hakuna cha kuondoa, na kodi itatoka kubwa mno. Bosi ataiona, atashika kichwa, atamgeukia mkewe kwa ukali, halafu atakuja kwa upole kusema dada, hebu rudi kwenye kazi yako. Shangazi alikuwa ameshaandaa hata atakavyojibu. Angekataa kwanza.

Wifi akapeleka ritani. Bosi alipooneshwa kiasi cha kulipa alishika kichwa kweli, hapo Shangazi hakukosea. Lakini hakumgeukia mkewe. Alisimama katikati ya duka akitazama sakafu, kisha akafunga mlango nusu na kumwita dada yake. Hakuita kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha Shangazi.

Akamuuliza kama ni kweli wenye maghala hawatoi risiti. Shangazi akasema ni kweli. Angesema nini tena, na wifi amesimama pale pale? Bosi akaendelea.

"Basi dada, miaka yote hii kodi ilikuwa inatoka ndogo. Kama risiti za manunuzi hazipo, pale penye manunuzi ulikuwa unaandika nini?"



Bosi hakungoja jibu. Alisema hamlaumu, anajua alifanya kwa ajili ya duka na kwa ajili yao wote, lakini kuidanganya serikali ni jambo la kupelekana jela, na marehemu baba hakuwa mtu wa kula cha mtu. Kesho asubuhi ataenda mwenyewe ofisi ya kodi akaeleze kwamba hesabu za zamani hazikuwa za kweli, afadhali waadhibiwe kwa kusema kuliko kukamatwa. Aliyasema haya huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa anamhurumia. Shangazi, aliyemlea mtoto huyu, aliyemfunga kamba za viatu, leo alikuwa anahurumiwa kama mwizi aliyezeeka.

Akaona dirisha la tatu. Akaona yule bwana akiinuka kidogo kwenye kiti, halafu akikaa tena bila kusema neno. Miaka yote ya uzi, hakuna risiti moja iliyowahi kupotea wala tarakimu moja iliyowahi kuongezwa, na sasa mdogo wake mwenyewe atakwenda kusema mbele ya benchi zima kwamba Mama Uzi alikuwa tapeli. Na angeweza kunyamaza tu. Akinyamaza wifi hatajua kitu. Lakini akinyamaza jina lake limekwenda, na akisema, uongo wake umejulikana. Alipiga hesabu ile mara moja tu.

Akaingia stoo. Waliisikia katoni ikipinduliwa, vifungo vya makoti vikatawanyika sakafuni kwa kelele, kimoja kikaja kikibingirika mpaka mguuni kwa Bosi. Shangazi akatoka na uzi mwekundu, akauweka kwenye kaunta. Risiti za wenye maghala, na mihuri yao, za mwezi mzima.

"Zipo," akasema. "Na za nyuma zote zipo nyumbani, chini ya kitanda changu, kila mwezi na fundo lake. Sikumwibia mtu."

Bosi akautazama uzi, akamtazama dada yake, akili zikiwa bado hazijafika. Ndipo akauliza mbona basi alisema hazipo. Shangazi akavuta pumzi aseme. Wifi akamtangulia.

"Ni mimi," wifi akasema. "Nilimuuliza vibaya. Nilimuuliza kama wametoa risiti za kielektroniki, za kuingia kwenye simu, akasema hapana, nami nikaandika hakuna. Nawe ulipomuuliza akadhani unasema hizo hizo. Dada yako anajibu alichoulizwa."

Bosi alikaa kwenye kigoda kama gunia lililoachiwa. Kisha akaanza kucheka, akafuta macho, akamwomba dada yake msamaha mara mbili, na mara ya tatu kwa kumshika mikono. Akauliza kama ritani iliyokwisha kupelekwa inaweza kurekebishwa, mkewe akasema inaweza, ila ni vizuri kwenda ofisini na risiti zenyewe. Bosi akamtazama mkewe kwa uso uliojaa sifa na kusema, "Watu wangapi wanakubali kosa lao hivyo, mbele ya wifi?"

Shangazi alikuwa ameinama anaokota vifungo. Maneno yale yalimchoma kuliko yote ya mwezi ule. Kwa simu alishindwa, kwa kigoda alishindwa, na sasa hata kwa wema ameshindwa, tena mchana kweupe.

Asubuhi walikwenda wawili. Shangazi alivaa gauni lake la kijani, ingawa hakujisikia kulivaa.  Walipofika kwenye kibanda cha muuza magazeti, Shangazi akaona asipokohoa neno sasa halitatoka tena, akaanza kusema kwamba ya jana, wifi, ya jana yale...

"Usinishukuru," wifi akasema, bado anatazama mbele. "Nilijua. Nilipokaa kwenye dawa tulinunua kwenye ghala la nyuma ya lile la zipu zenu. Wote kule wanatoa risiti."

"Na ukaandika hakuna?"

"Nikaandika ulivyosema. Nilitaka nione utafika wapi na uongo huo." Akatembea kidogo. "Unajua nikipika ugali naambiwa dada anausonga zaidi? Nikikunja shati, dada hakunji hivyo. Nikilaza watoto, dada ana wimbo wake. Nikasema Mungu wangu, hata kitu kimoja kidogo ambacho dada hakijui hakipo? Nikakipata kwenye simu. Nawe ukanuna."

Shangazi alisimama. Kwa mwezi ule wote alikuwa akimwonea huyu mwanamke kijicho mpaka usingizi unakatika, na kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu anafanya kazi ile ile. Alitaka kusema pole. Kilichotoka ni, "Ule wimbo wa watoto nitakufundisha." Akafikiri kidogo. "Ubeti wa kwanza."

Wifi akacheka kwa pua.

Ofisini walipita kwenye benchi, na kwenye dirisha la tatu yule bwana akainuka kidogo. "Mama Uzi huyo. Nikadhani umetuhama." Akaupokea uzi mwekundu, akaupekua risiti baada ya risiti, akarekebisha ritani kwenye kompyuta yake na kusema kiasi kimerudi kuwa kile cha kawaida cha duka la vifungo. Wifi alikuwa amesimama pembeni na simu yake mkononi, hana wa kumwonyesha. Uso ulikuwa umemshuka. Shangazi aliujua uso ule vizuri. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe mwezi mzima.

"Na huyu ni nani?" bwana akauliza.

Ilimchukua Shangazi muda kidogo kulitoa neno. "Huyu ndiye anayepeleka ritani zetu siku hizi. Kwa simu. Mimi nashona tu."

Bwana akafurahi sana. Akainuka, mara hii wima kabisa, akamvutia wifi kiti, akamwambia laiti wenye maduka wote wangekuwa kama yeye, akageuza kompyuta amwonyeshe sehemu mpya waliyoiongeza. Wifi akakaa. Wakainamisha vichwa pamoja, mmoja anaonyesha, mwingine anacheka.

Shangazi alisimama nyuma yao. Roho ikamuuma pale pale ilipozoea kuuma. Akapitisha mkono katikati yao, akauchukua uzi wake mwekundu mezani, akauzungushia kiganjani.

"Huu naondoka nao," akasema.