Maadamu Ananyonya

Katika gereza letu la wanawake, hapa London, chumba cha wanyonyeshaji kilikuwa na sheria moja: mtoto hukaa na mama yake maadamu ananyonya. Akianza kula, hupelekwa nyumba ya maskini, na mama hurudishwa kwenye seli ya peke yake. Ni wachache walioonana tena.

Mimi nilikuwa nafua nepi mle ndani, hivyo nilimwona Keziah Pruett kila siku. Alifungwa kwa kuiba kipande cha kitambaa cha flana cha kumfunikia mwanawe, Enoki. Mtoto alikuwa ameshaota meno manne, lakini Keziah hakumwonjesha hata tone la uji. Alimpa titi tu, na kwa chakula chetu kile, maziwa yalikuwa yanakauka. Enoki akakonda, shingo ikawa nyembamba kama kijiti.

"Mpe uji kidogo, mwenzangu," nilimnong'oneza.

"Akiuonja atautaka, dada. Na huyu hajui kuficha."

Mfungwa mwenzetu, Nan, akadakia akiwa na mwanawe mapajani, "Mwache na njaa yake. Iko siku atautafuna mlango, tutoke sote!"

Tulicheka. Keziah naye alicheka, kisha akageukia ukutani na kumweka mtoto kifuani.

Jumamosi daktari alikuja pamoja na Bi Garrod, mlinzi mkuu. Alimwinua Enoki, akamgeuza huku na huku.

"Mbona amekwisha hivi?"

"Hataki kula, bwana," Keziah akasema. "Ukimpa kitu anatema. Anataka titi tu."

Daktari alichukua mkate wa Nan, akamega kipande, akakichovya kwenye kikombe cha maji ya moto na kumsogezea mtoto. Nilifumba macho. Ee Bwana, nikaomba, mzibe mdomo. Ndiyo, nilimwomba Mungu mtoto mwenye njaa asile, na sikujua ombi jingine la kuomba.

Nilipofumbua macho, Enoki alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Alikimeza karibu bila kutafuna, akanyoosha mikono apewe kingine.

"Hataki kula, eti!" Bi Garrod akasema. "Nusura amle daktari kidole!"

Safari hii Nan hakucheka.

Keziah alipiga magoti, akashika gauni la Bi Garrod. "Mama, nakusihi. Niachie leo tu, nimzoeshe."

"Mbona ameshazoea? Simama."

Bi Garrod akampa mtoto kipande kikubwa zaidi ili asisumbue, akambeba begani kuelekea mlangoni. Keziah alimwita mwanawe kwa jina, mara ya kwanza polepole, halafu kwa sauti iliyowaamsha watoto wote chumbani.

Enoki hakugeuka. Alikuwa anakula.