Kamba Haina Mlio

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Kwezi alitandika gunia sebuleni na kumwaga juu yake vifaa vyake vya kazi: mkanda wa kupandia, kulabu za chuma, msumeno wa mkono, kofia ngumu na kamba. Alivikagua kwa vidole huku mumewe, fundi cherehani, akimpisha kwa kukunja miguu chini ya mashine yake. Kazi ya Kwezi ilikuwa kupogoa miti mirefu ya mjini: matawi yaliyolalia nyaya za umeme, yaliyokaukia juu ya mapaa, na yale yaliyogonga madirisha ya watu upepo ukivuma. Kwezi ni ndege, na jina hilo alibandikwa na majirani tangu alipokuwa msichana asiyeshuka darini mpaka aitwe kula.

Asubuhi hiyo vidole vyake vilisimama katikati ya kamba. Palikuwa pamefumuka nyuzi, zimesimama kama manyoya ya shingo ya jogoo.

"Lete nione," alisema mumewe. Akaipitisha kamba kiganjani. "Hii nisingeanikia hata suruali."

"Bosi ameahidi nyingine."

"Bosi aliahidi kabla sijaota mvi, mke wangu."

Kwezi akanywa chai, akambusu kwenye hizo mvi, akaenda kazini.

Bohari ya kampuni ilikuwa na harufu ya petroli na majani mabichi. Bosi alikuwa amesimama katikati, uso umemkunjuka, akipapasa msumeno mpya wa mota, mwekundu mno. Kando yake alisimama Nanga, mdogo wa mume wa Kwezi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba chini mti ukipandwa. Mwili wake ulikuwa wa kuaminika. Mti ungeweza kuondoka kabla yake.

"Sikilizeni," bosi alisema, akauwasha. Vumbi likaruka rafuni.

"Ni mzuri," Kwezi alisema ulipozimwa. "Na kamba, bosi?"

"Mteja akisikia huu, anajua kazi inafanyika. Kamba haina mlio. Nani ataisikia?"

"Mimi, ikikatika."

Bosi alicheka mpaka akajifuta macho. Aliwapenda wafanyakazi wenye utani. "Mchagua jembe si mkulima," alisema.

"Jembe likivunjika mpini, bosi, mkulima yuko chini tayari," alisema Nanga, lakini msumeno ulikuwa umewashwa tena.

Siku hiyo walikuwa na mti mmoja tu, mkongwe, uliojiinamia juu ya paa la maktaba. Kwezi alipanda bila haraka, akitumia msumeno wa mkono kwa vitawi, kisha akavutiwa ule mwekundu kwa ajili ya tawi kubwa. Alijiachia kwenye mkanda, miguu imekanyaga shina, akaanza kukata. Kamba ikakatika hapo hapo juu ya kichwa chake, kwa sauti ndogo kama ya kifungo kinachong'oka. Ikamporomokea yote Nanga mabegani.

Kwezi alibaki palepale, ameketi hewani, mkanda umemkaza kiunoni.

"Shemeji, kamba imekatika," alisema Nanga.

"Nimeona. Usiitupe, itafaa kufungia kuni."

"Na wewe?"

"Mimi bado tawi hili."

Mkutubi alifungua dirisha, akamtazama Kwezi aliyekuwa akibembea usawa wa ghorofa, akaomba wapunguze kelele, maana watu walikuwa wakisoma. Kwezi akaomba radhi na kurudi kwenye msumeno wa mkono. Alipomaliza, hewa ilimshusha taratibu, kama mtu anayelegeza kamba kwa uangalifu. Alipogusa ardhi akakaa chini kwenye majani. Nanga akaketi naye, wakala machungwa.

Jioni mumewe aliuona mkanda umerudi bila kamba.

"Nani amekushika?"

"Hewa."

"Imekushika vizuri?"

"Vizuri. Inabana kidogo kwapani."

"Ina dhamana?"

"Sikuuliza."

Fundi akainamia sindano yake. Alijaribu kupitisha uzi, ukakataa, akajaribu tena, ukakataa. Kwezi akaichukua sindano. Kisha akampitishia uzi yeye mwenyewe.

Bosi alizipokea habari hizo kwa furaha ya kweli. Alimpa Kwezi mkono na kumwita nguzo ya kampuni. Ile kamba mpya, ambayo kwa kweli alikuwa ameshaichagua dukani, akaiacha, akachukua mashine ya kupulizia majani. Mashine hiyo ilikuwa na mlio mkubwa kuliko hata msumeno.

"Mtu asiyeanguka, kamba ya nini?" alisema. Kisha akamgeukia Nanga. "Na wewe hapo chini sasa unashika nini? Kesho utapanda."

Nanga alipanda, kwa kuwa ana watoto. Kwezi alimsihi asipite tawi la kwanza, naye hakulipita. Aliteleza, akaanguka kama vitu vyote vinavyoanguka. Kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitalini, daktari akiwa bado anafunga plasta, bosi alimletea ndizi na maneno ya kumtia moyo.

"Mwenzako anaweza," alisema. "Kinachokosekana ni bidii."

"Nilianguka kwa bidii yangu yote, bosi," alisema Nanga.

Kesho yake Kwezi alivaa mkanda, akaingia ofisini kwa bosi, akajining'iniza hewani katikati ya mlango. Alisema hashuki wala hapandi mti wowote mpaka Nanga anunuliwe kamba. Bosi alilielewa jambo hilo. Kila alipotoka aliinama, akapita chini ya viatu vyake, akasema "samahani, mama," na alipoingia akasema tena. Mchana mumewe alimletea chakula, akapanda juu ya kiti kumfikishia. Walikula pamoja, mke juu na mume kitini, wakisengenya majirani, na Kwezi akacheka mpaka akazunguka mzunguko mzima. Karani mmoja akamwomba, kwa kuwa yuko juu, abadilishe na balbu. Akaibadilisha.

Kufikia jioni bosi alikuwa amepata ufumbuzi. Akabandika tangazo getini: anatafutwa mpanda miti, awe mwepesi, kamba haitolewi.

"Nani atakuja kwa tangazo kama hilo?" fundi aliuliza.

"Hakuna," Kwezi alisema. "Atanunua tu."

Asubuhi foleni ilianzia getini ikapinda kona. Kulikuwa na mwanamke anayesafisha vioo vya maghorofa, wapaka rangi wawili, fundi wa minara ya simu, na kijakazi aliyezoea kufuta madirisha ya nje ya tajiri wake. Wote walisimama kwa adabu, nyayo zao haziligusi vumbi, wengine kwa upana wa kidole, wengine mpaka usawa wa goti. Walikuwa wakipiga soga na kusogezana kivulini. Kwezi aliwasalimia mmoja mmoja. Nao walipouona mkanda wake walimwitikia kama ndugu waliopotezana siku nyingi.

Bosi alitembea kando ya foleni, mikono mgongoni, akiitazama miguu. Sura yake ilizidi kung'aa.

"Hawa," alisema, "wana uzoefu."

Kisha akamwambia Nanga, mkono wake ungali kwenye plasta, afungue geti lote, mabawa yote mawili, na aiondoe nguzo iliyopita juu ya geti, wasije wakagonga vichwa.