Kabari za Jumapili

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kumung'unya maneno. Wajinga wengine walikuwapo, maana kanisa halikosi, lakini siku hiyo wote walikuwa mapumzikoni. Zamu ilikuwa ya Pimamaji.

Jina hilo alilipata kwa ufundi wake, na kidogo kwa mdomo wake. Alikuwa seremala, na hakuwahi kumaliza kazi bila kuweka pimamaji juu yake, akainama, akasubiri kile kiputo kitulie katikati ya kioo, halafu akawatazama waliokuwapo kama kuku aliyetaga yai la kwanza duniani. Kanisani alikuwa shemasi wa mlangoni. Alisimama pale kila Jumapili na koti lake la kijivu, akawashika watu mikono na kuwauliza hali, nao wakamjibu kwamba wanamshukuru Mungu. Aliyefiwa alimshukuru Mungu. Aliyefukuzwa kazi alimshukuru Mungu. Mume na mke waliotoka kurushiana maneno getini walimshukuru Mungu kwa sauti moja. Pimamaji aliamini kwamba anawajua wote, ndani na nje.

Mabenchi ya kanisa aliyatengeneza yeye. Zamani watu walikalia viti vya plastiki, na kila mahubiri yakinoga kiti kimoja kilipasuka miguu. Pimamaji akatoa mbao zake na jasho lake, akaleta mabenchi marefu yenye egemeo, yamepakwa vanishi hadi yanang'aa, na hakutaka malipo hata ya misumari. Tangu siku yalipoingia lilitokea jambo ambalo yeye aliliona ni la kiroho kabisa. Watu walianza kunyenyekea. Kabla ya kukaa, kila familia iliinama kwanza, chini kabisa, mikono ikagusa sakafu. Baada ya baraka ya mwisho waliinama tena. Kutoka mlangoni Pimamaji aliona migongo ikishuka na kupanda, akafurahi. Alimweleza mchungaji kwamba mbao zikirandwa kwa maombi, watu hupiga magoti bila kusukumwa. Akalitangaza hilo hadi makanisa ya jirani, ambako mabenchi yalikuwa ya mafundi wengine, na watu, maskini, walikaa tu kama wako kwa kinyozi.

Lakini alikuwa na neno lake moja ambalo hakulitangaza popote. Macho yalikuwa yanamwacha. Yalimwacha taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Mstari wa penseli ulikuwa mmoja, ukawa miwili, sasa ulikuwa kama moshi. Na kiputo cha pimamaji alikuwa akikikisia. Fundi asiyeuona mstari ni fundi wa nini? Shule ya jirani ilikuwa imeanza kuulizia madawati mapya, naye alijua kwamba neno likivuja tu, madawati yatapata fundi mwingine, na karakana yake itabaki na panya. Kwa hiyo alijificha. Zamu yake ya kusoma neno ilipofika, alisoma ile zaburi ya mchungaji na kondoo, kwa sababu alikuwa nayo kichwani tangu utotoni. Aliisoma zamu hii na zamu ijayo, kitabu kimefunguliwa popote pale kilipotaka chenyewe, mpaka kanisa zima likawa limelishwa majani yale yale hata likavimbiwa. Walimwambia tu kwamba wamebarikiwa.

Sasa, mchungaji wao alikuwa mgeni, kijana mpole ambaye bado hakujua mambo ya kuogopa. Jumapili moja alisema mimbarini kwamba kanisa hili watu wake wanajuana visogo. Akapendekeza kwamba baada ya ibada mabenchi yageuzwe yatazamane, watu wanywe chai na kuulizana habari mpaka lipatikane jibu la kweli.

Kanisa lilipinga kwa nguvu ambayo halikuwahi kuionyesha hata dhidi ya shetani. Mmoja alisema ana mgongo. Mwingine akasema kugeuza mabenchi ni kumgeukia Bwana ubavu. Dereva wa lori, mtu mkubwa kama kabati, ambaye hajapata kufungua mdomo kwenye kikao, alisimama akashauri jambo hili liombewe kwanza, ikiwezekana mpaka mwaka ujao. Aliyemuunga mkono mchungaji ni Pimamaji peke yake. Aliona ni haki watu wakayaona mabenchi yake na kwa upande wa nyuma.

Basi Jumapili iliyofuata ikafika. Baada ya baraka watu waliinama, safari hii kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wakayainua mabenchi kama wanaombeba mgonjwa, wakayageuza, wakainama tena. Pimamaji alifuta jicho. Mchungaji akamwomba, kwa mara ya kwanza tangu mabenchi yafike, auache mlango, aje akae na wenzake, na afungue mazungumzo kwa neno fupi.

Neno fupi la Pimamaji lilianzia kwa Nuhu, seremala mwenzake, likapitia kwa Yusufu, seremala mwingine, na lilipofika hapo kanisani lilikuwa limekwisha kupoza chai. Alisema Mkristo awe kama pimamaji, haogopi mtu, hampendelei mtu. Kilicholala upande husema kimelala, kilichonyooka husema kimenyooka. Mwenye neno moyoni mwake, alisema, alitoe leo. Watu walitazama vikombe vyao. Alipomaliza akaketi ncha ya benchi, mguu juu ya mguu, kikombe mkononi.

Benchi lile lilikuwa na siri yake. Miguu ya upande huo ilikuwa mifupi, tena imekaa ndani mno, na kilicholizuia lisiinuke ni Dereva, aliyekaa ncha ya pili. Wote waliolikalia walijua utaratibu: Dereva hukaa wa kwanza na kuinuka wa mwisho. Pimamaji hakujua, kwa kuwa hakupata kulikalia. Na Dereva, kwa adabu tu, alimwona bibi mmoja hana sukari, akainuka kumletea.

Benchi likapanda kama mzani. Pimamaji alishuka kwa heshima zote, kikombe kikamfuata, chai ikaishia kwenye suruali.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya. Watu walimkimbilia, wakamfuta, wakamwambia pole shemasi, sakafu hii nayo. Mama mmoja akasema sakafu hii imekuwa ikimsumbua sana. Wakaafikiana wote, tangu mimbarini hadi mlangoni, kwamba aliyeimwaga sakafu hii ndiye mwenye makosa. Pimamaji, huku suruali ikidondosha chai, akawaamini. Alikwenda stoo kwenye mfuko wake wa kazi, akarudi na pimamaji yenyewe, akailaza sakafuni katikati ya watu, akapiga magoti na kukunja uso.

"Si mnaona?" alisema. "Imelala upande wa dirishani. Tena sana."

Wote walikuwa wameinama pamoja naye, na wote walikiona kiputo. Kilikuwa kimetulia katikati ya kioo kama kiini cha yai. Sakafu ilikuwa imenyooka kuliko watu wote waliosimama juu yake.

Waliangaliana, kisha wakaangalia dari. Ni Dereva aliyeshindwa. Aliinama kwenye mguu wa benchi, akachomoa kipande cha kandambili kilichokatwa kwa kisu, akakiweka mezani katikati ya vikombe.

"Shemasi," alisema, "mimi nimechoka kutembea na hiki mfukoni."

Kabla Pimamaji hajaelewa, mtu mwingine alitoa boksi la sabuni lililokunjwa mara nyingi. Kikafuata kipande cha tairi, kifuniko cha chupa, na kijitabu cha matangazo ya kanisa kilichokanyagwa hata kikawa kigumu kama ubao. Kila familia ilikuwa na kabari yake. Ilikuja nayo Jumapili kwenye mkoba, ikainama kuichomeka chini ya mguu, ikainama kuichomoa, ikarudi nayo nyumbani, ili shemasi asije akaiona akifagia akaumia moyo. Mezani palikuwa kama dampo dogo. Wa mwisho kufungua mkoba alikuwa mke wake. Kabari yake ilikuwa ya mbao, imechongwa vizuri, imepigwa na msasa.

"Hata wewe, mama watoto?"

"Mimi ndiye niliyeanza, baba watoto. Wengine waliiga."

Hapo ile migongo yote iliyoshuka na kupanda ilimrudia Pimamaji, pamoja na makanisa ya jirani aliyokwenda kuisimulia. Hasira zikampanda. Aliwaita wanafiki. Aliuliza ilikuwa wapi midomo yao siku zote hizo, alipokuwa akijisifu kama mwehu sokoni nao wakiitikia amina. Dereva alimkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mwimbaji mmoja wa besi alithubutu kusema, wiki ile ya kwanza kabisa, kwamba benchi lake linacheza. Pimamaji hakumpa mkono mlangoni mpaka mvua zikapita. Mwenye besi, kutoka kona aliyokaa, alitikisa kichwa kukubali. Pimamaji akasema basi, atayabeba mabenchi yake leo hii, na yeye mwenyewe atajibeba, akatafute kanisa la watu wakweli.

Yule bibi aliyekosa sukari alikuwa bado hajanywa chai yake. Watu walimwita Bibi Sindano, kwa sababu ameshona nguo za nusu ya kanisa na kwa sababu nyingine ambazo aliyeongea naye alizijua. Alivuta kiti, kimoja cha vile vya plastiki vilivyosalimika, akakaa karibu na Pimamaji.

"Kiputo kiko katikati, mwanangu," alisema. "Tangu lini hukioni?"

Lilikuwa swali dogo, na hakulisema kwa ukali. Pimamaji alifungua mdomo amshukuru Mungu, kama ilivyo desturi, lakini ukweli ukatangulia. Akabaki amekaa pale sakafuni, suruali imelowa, akaanza kueleza. Alieleza mstari unaogeuka moshi, na miguu ya mabenchi aliyoikata kwa kupapasa. Alieleza zaburi. Alieleza madawati ya shule, na jinsi anavyoamka alfajiri kufungua dirisha, aone kama leo mti wa jirani una majani au ni kivuli tu. Mkewe, ambaye muda wote huo alidhani mumewe amekuwa mvivu wa kupima, alifunga mkoba wake taratibu, akaja akakaa chini pembeni yake, gauni jipya na yote.

Ndipo likatokea lile ambalo mchungaji alilitaka, ingawa hakuna aliyemwomba ruhusa. Dereva alisema kwamba tangu mkewe aondoke yeye anakula amesimama jikoni, kwa kuwa meza ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na kila Jumapili pale mlangoni amemshukuru Mungu. Mama wa sakafu inayomsumbua akamwambia leo atakula kwake, tena ameketi. Akaongeza kwamba hawatatumia benchi. Sasa watu wakacheka, na wa kwanza kucheka, kutoka kule chini, alikuwa Pimamaji. Chai mpya ikachemshwa. Mwenye mgongo akakiri kwamba hana mgongo, ana deni la usingizi kwa ajili ya mtoto aliyeacha kuwaandikia. Mchungaji naye akasema tangu ahamie hapa hajaalikwa kwenye nyumba yoyote, na alidhani labda ananuka.

Mambo yakaanza kupangwa. Kesho Dereva atampeleka Pimamaji hospitali ya macho. Mabenchi yatatengenezwa na kanisa zima, fundi akiongoza, wenye macho wakimsomea mstari. Na kwa madawati ya shule, ikibidi, watakwenda naye vilevile.

Hapo Pimamaji akasimama, akajikung'uta. Aliwashukuru, lakini hapana. Tangu lini fundi akashikiwa msumeno? Makosa ni yake, mabenchi ni yake na macho ni yake. Mkewe alimvuta koti, asisikie. Mchungaji alijaribu, akashindwa. Dereva alijitolea kumbeba mzimamzima, akakataliwa.

"Niacheni," Pimamaji alisema, kidole kikiwa juu kama yuko mimbarini. "Imeandikwa kila mtu abebe furushi lake."

Bibi Sindano alikoroga sukari yake, akaonja chai kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na ukurasa huohuo, mistari michache juu yake, imeandikwa tubebeane mizigo," alisema. "Ndiyo maana kesho unakwenda kupimwa macho."