Kishada cha Juu

Mabruki alipokuwa hai, Rahila hakuhitaji kumtazama ili ajue yuko tawi gani. Yeye yuko jikoni anapuliza moto, mumewe yuko juu ya mkarafuu anaimba nyimbo za kanisani, na kadiri alivyopanda ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nyembamba. Ikikatika kidogo tu, Rahila humwita:

"Uko?"

"Nipo, mke wangu. Chemsha chai."

Misimu thelathini na miwili ya karafuu ilipita hivyo, uani kwao nje kidogo ya Konde. Uko? Nipo.

Wakristo wa pale hawajazi mabenchi matatu, na Mabruki ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, maana mwalimu wa kanisa alikuwa na sauti kama mlango usiotiwa mafuta, na mwenyewe alikiri. Siku za Idi sahani zilivuka ua kutoka kwa jirani yao, Bi Mwanakhamis. Krismasi zikavuka kurudi, na hakuna hata mara moja sahani iliyorudi tupu.

Kisha msimu wa mwaka jana Mabruki akaanguka.

Watu walisema siku zake zilikuwa zimefika, na Rahila aliwaitikia. Hakumwambia mtu kwamba jioni ile ya Jumamosi, wingu limetanda, mumewe alikuwa ameshashuka na pakacha lake, na yeye Rahila akamwonyesha juu kwa kidole: "Na kile kishada? Malizia, mvua itakiharibu." Mabruki akapanda tena. Akaimba ubeti mmoja, akanyamaza. "Uko?" aliita Rahila, na asijibiwe.

Kanisani hakuacha kwenda. Ila Sala ya Bwana ikifika pale pa kuomba kusamehewa makosa, midomo yake ilijifunga. Wenzake waliendelea, yeye akawangoja mbele, akaungana nao kwenye majaribu. Mwaka mzima aliparuka mahali pale kama mtu arukaye shimo njiani. Aliona ataombaje asamehewe, na yeye mwenyewe hajajisamehe?

Msimu huu mkarafuu ule ukazaa kuliko yote. Rahila akaona hawezi kuutazama tena. Akamwita Jecha, mkata mbao.

"Bi Rahila, mkarafuu haukatwi hivihivi," alisema Jecha. "Karatasi ya ruhusa unayo?"

"Nitaifuata Jumatatu. Leo nataka uniambie tu ni kazi ya siku ngapi."

"Nitajuaje? Chini kumefunga majani, hata shina silioni."

"Ngoja nikufyekee. Wewe kaa barazani."

Akachukua mundu, akapiga magoti. Tangu msiba hakuwa amekanyaga pale. Alikuwa hajafika mbali aliposikia kanga za Bi Mwanakhamis zikichakarisha majani ya migomba.

"Ati wataka kuukata mti wa Mabruki? Una wazimu weye?"

"Niache, Bi Mwanakhamis."

"Nikuache mara ngapi? Ulipofiwa nilikwambia kaa ndani, kaa eda, miye nikupikie. Ukasema nyinyi hamna eda. Siku ya nne ushashika jembe! Haya, eda hamna, na huzuni pia hamna?"

Rahila akauweka mundu chini. Maneno ambayo hakumwambia hata mwalimu wa kanisa yakamtoka: "Mimi ndiye niliyempandisha. Alikuwa ameshashuka."

Bi Mwanakhamis hakushtuka. Aliketi palepale kwenye majani, akanyoosha miguu.

"Najua. Ua wetu ni wa makuti, mwenzangu, nilisikia. Ukamwambia malizia, akacheka. Akasema, 'Kile nimekuachia wewe upande, una miguu mizuri kunishinda.' Ndipo akapanda, bado anacheka."

Kicheko kile! Rahila alikuwa amekisahau kabisa. Alikumbuka kimya tu.

"Mwaka mzima wajua, na hukunichukia?"

"Kwa kishada cha karafuu? Nionyeshe mwanamke wa Pemba ambaye hajamwambia mumewe malizia kile cha juu. Miye marehemu wangu nilimpandisha mti akiwa na homa."

Rahila akalia, na katikati ya kulia akacheka, akajifuta kwa ncha ya kanga. Alipoinama kuuokota mundu aliona miche ya karafuu, midogo ya kimo cha kidole, majani bado mekundu. Ilikuwa saba. Akaugusa mmoja.

"Kishada chenyewe hicho," alisema Bi Mwanakhamis. "Hakikuchumwa, kikachanua, kikazaa, kikaanguka. Huo ulionyooka ni wangu, nimeshauona."

"Bi Rahila!" Jecha aliita kutoka barazani. "Nije lini na shoka?"

"Usije na shoka. Njoo uchume. Na uje na kamba nzima, ujifunge kiunoni, la sivyo hupandi mti wangu."

Kesho yake mwalimu wa kanisa aliuanza wimbo kwa sauti yake ya mlango. Rahila akaupokea kabla haujamfia mdomoni, akaushusha pale Mabruki alipokuwa akiushusha, na mabenchi mawili na nusu yakamfuata.

Ikaja Sala ya Bwana. Wakafika pale. Mdomo wake ukajifunga kwa mazoea, na katika kimya kile ilikuwa kana kwamba sasa yeye ndiye aliye juu, anaitwa kutoka chini ya mti: Uko?

"Nipo," alijibu moyoni.

Akayatamka maneno yale. Alichelewa kidogo, lakini kwenye majaribu alikuwa ameshawafikia wenzake.