Upande wa Ndani wa Tairi

Mgeni yule hakubisha hodi. Alisukuma baiskeli yake hadi katikati ya ua, mabomba ya plastiki aliyoyafunga nyuma yakiyumba kama mikia, akasimama kumtazama mwanamke aliyechuchumaa kando ya gari akiyapaka matairi dawa ya kung'arisha.

"Samahani, dada. Gari hili ndilo linalopeleka watoto shule?"

"Ndilo." Mwanamke aliinuka akijifuta mikono. "Unataka nafasi ya mtoto? Imebaki moja."

"Hapana. Mimi ni yule wa baiskeli. Wa jana, pale konani."

Mwanamke yule, Shangazi, aliliweka chini kopo la dawa. Watoto wote walimwita Shangazi, ingawa wa damu alikuwa mmoja tu, binti wa kaka yake.

Mvua ya jana haikuwa mvua ya kutisha, ilikuwa ya kulaza vumbi tu. Alikanyaga breki kwenye kona ya kushukia shule, na gari likakataa. Likaenda ubavu, polepole, kama kipande cha sabuni kwenye sakafu, likasimama mbele ya mtu aliyeng'ang'ania usukani wa baiskeli yake akiwa ametoa macho. Ndani ya gari watoto walinyamaza ghafla. Kimya kile kilimtisha kuliko utelezi wenyewe, akapiga makofi na kupaza sauti: "Mmeona? Bibi Harusi amecheza!" Wakaangua kicheko. Njia iliyobaki wakamwimbia, "Shangazi, tutelezeshe tena!" Wimbo ule ulikuwa haujamtoka masikioni tangu hapo.

Bibi Harusi lilikuwa jina la gari. Majirani walilipa jina hilo kwa mapambo yake: mapazia yenye vishada, vitambaa vipya vya viti, na redio iliyowafanya watoto wafike shuleni wakiwa wameimba hadi koo zimewakauka. Vyote vilinunuliwa mwanzoni mwa muhula, kwa fedha iliyokuwa ya matairi. Fundi wa matairi alikuwa amemwonya kwamba ya mbele yanalika upande wa ndani, na akamwambia ayabadilishe mapema. Lakini mzazi gani husifia tairi? Mzazi husifia pazia.

Kwa hiyo kila Jumapili Shangazi alichomeka njiti ya kiberiti katikati ya meno ya tairi. Aliichomeka upande wa nje, ambako meno yalikuwa bado yamesimama. Njiti ikizama kidogo, alijiambia, "Mwezi huu tutavuka." Upande wa ndani hakuwahi kuupima. Mtu haulizi swali ambalo jibu lake analijua.

"Sikuja kugombana," mtu wa baiskeli alisema. "Mimi ni fundi bomba tu. Ila kuna mtoto alikuwa kioo cha nyuma, akanipungia mkono huku anacheka. Na mimi nikampungia. Nilipofika kazini, spana haikai mkononi. Nikasema, ngoja nimtafute mwenye gari nimuulize tu. Haya matairi, dada, ni mazima?"

Kabla hajajibiwa, fundi bomba aliinama kutazama. Dawa ilikuwa bado mbichi, tairi linameremeta.

"Loo! Mbona mapya haya? Hata sura yangu naiona!" Alisimama, uso umemshuka kwa aibu. "Nisamehe, dada yangu. Nimekudhania vibaya. Itakuwa ni ile mvua tu. Mambo ya magari mimi siyajui, ya kwangu ni masinki."

"Haidhuru, kaka," Shangazi alisema.

Maneno yalimtoka kwa wepesi uliomshtua mwenyewe. Mtu yule aligeuza baiskeli. Alichotakiwa Shangazi kufanya ni kunyamaza mpaka mgeni avuke geti, basi, na yangekuwa yamekwisha. Alimtazama mgongo, shati limelowa jasho la safari ya kuja kuuliza jambo la watoto wasio wake, na sasa anaondoka yeye ndiye aliyeomba radhi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, Shangazi aliwaza, na hakujua kama analisema gari au anajisema mwenyewe.

"Kaka, subiri."

Aliingia garini, akazungusha usukani mpaka ukagoma. Tairi la mbele likageuka na kuanika upande wake wa ndani. Dawa haikufika huko.

"Tia mkono," alisema.

Fundi bomba alipitisha kidole, akakirudisha haraka. Hapo hapakuwa na meno. Palikuwa na kipara, na katikati ya kipara waya zimechomoza kama ndevu za mzee asiyeona vizuri kujinyoa.

Hakupiga kelele. Alifyonza kidole chake, akauliza, "Leo watapanda?"

"Hawapandi."

"Na wazazi utawaambia nini?"

Shangazi alichomoa ufunguo wa gari.

"Ulitaka kusema limegoma kuwaka, eh?" fundi bomba alikisia.

"Nilikuwa nalifikiria hilo."

"Waambie la kweli, dada. Mimi nimeangalia kwa macho yangu na bado nilikuwa naondoka. Wao wataonea wapi?"

"Nitawaambia. Mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Nakuahidi."

Fundi bomba aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hata lawama hakumwachia, na bila lawama ya mtu mwingine Shangazi alibaki na yake tu, nzito.

Alianza kwa wifi yake, aliyekuwa akimsuka binti yake nywele barazani. Wifi alimsikiliza nusu, akacheka.

"Weee! Na wewe ukaahidi? Mtu hata humjui! Sema betri imekufa. Betri hainuni ikisingiziwa."

"Nimeshaahidi, wifi."

"Haya, ukitamka neno kipara, kesho watoto wote wako kwenye gari la Kengele. Na lile lake nalo, breki zake ni dua!" Alicheka peke yake. Kisha mkono ukasimama kwenye nywele za mtoto. "Ngoja. Jana mwanangu si alikuwemo?"

"Alikuwemo."

"Mama, mimi nilikuwa nyuma!" mtoto alisema kwa furaha. "Nilimpungia mtu wa baiskeli. Bibi Harusi alicheza!"

Wifi alimvuta mwanawe kifuani kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika. Hakukuwa na utani tena. "Ukamwambia ni mchezo," alisema taratibu. "Wifi, ukamwambia ni mchezo."

"Nilimwambia hivyo."

Alimaliza kusuka, akamvisha mtoto viatu, akamkabidhi mkono wake kwa shangazi yake bila kumtazama. "Mtembee pembeni ya barabara."

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya muuguzi, mama wa pacha. Alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka zamu, sare bado mwilini, viatu mkononi.

"Shangazi, kwa miguu leo? Limegoma kuwaka, eh? Pole. Magari ni kama wagonjwa, yanachagua siku."

Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa. Ilibaki kuupokea tu.

"Halijagoma, mama pacha. Linawaka vizuri. Matairi ya mbele yamekwisha, na nilijua. Jana liliteleza na wanao wakiwa ndani, karibu niue mtu. Nikawaambia watoto wacheke."

Muuguzi aliweka viatu chini, kimoja kimoja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa muhula."

"Mimi ndiye niliyewapitia majirani," muuguzi alisema. "Nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, mpeni yule mama watoto wenu, ana moyo."

Pacha walitoka na mabegi yao, wakaanza kugombea mkono wa kushoto wa Shangazi, maana wa kulia ulikuwa umeshachukuliwa.

"Leo waende na wewe, kwa miguu. Mimi sina nguvu ya kusimama," mama yao alisema. "Kesho usiwapitie."

"Nimekusikia, mama pacha."

Walitoka, watoto wakirukaruka. Mwenye duka la vitabu alikuwa ameshafungua dirisha lake, na alipowaona alipaza sauti toka ng'ambo ya barabara, "Shangazi! Gari limekufa? Au leo mmeamua mazoezi?"

Watoto walicheka. Angeweza kucheka nao na kupita; mtoto wa mwenye duka, naye abiria wa Bibi Harusi, alikuwa bado ndani anatafuta soksi. Shangazi aliwavusha barabara, akasimama dirishani.

"Halijafa," alisema. "Nina jambo la kukwambia kuhusu matairi yangu."