Fomula Iliyoijua Kesho

Siku hiyo mchambuzi wa chati alivaa tai nyekundu. Saa nne angeonyesha fomula yake mbele ya mkurugenzi wa kampuni ya hisa, na mkurugenzi alikwisha kutamka kwamba ikipita, kiti cha mkuu wa idara ni chake. Kiti hicho alikuwa akikimezea mate mwaka wa kumi na moja sasa.

Naye hakuwa na shaka. Katika bei zote za miaka miwili iliyopita, fomula haikukosea hata mara moja. Ilichukua wastani wa bei wa siku tatu, ikaulinganisha na wastani wa siku iliyotangulia, kisha ikachora mshale: wa kijani pa kununua, mwekundu pa kuuza. Kila bei ilipotaka kupanda, mshale wa kijani ulikuwa umeshakaa kitako ukiisubiri.

Mhasibu wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Risiti, aliinama mbele ya skrini.

"Hongera ya mapema, kaka. Lakini mbona leo hakuna mshale?"

"Leo inatafakari."

"Mashine? Haya. Na jana?"

"Jana upo, huo hapo wa kijani. Na bei imepanda, si unaona?"

"Naona. Ila jana nilipita hapa na kikombe changu nikachungulia. Haukuwapo."

"Macho hayo, dada."

"Macho haya yanaona senti iliyopotea ghorofa ya tatu. Haukuwapo, nakwambia."

Mchambuzi alicheka, lakini kicheko kilimkauka mdomoni. Akaifungua fomula. Katika programu ile, anayetaka thamani ya jana huandika moja yenye alama ya kutoa mbele yake. Anayeandika moja tupu hupelekwa kesho. Yake ilikuwa tupu. Kwa siku za zamani, kesho yake ilikuwa imeshapita na kuandikwa, wazi kama majibu kando ya karatasi ya mtihani. Kwa leo, kesho ilikuwa haijafika, na ndiyo maana mshale haukuonekana.

Akaiweka alama. Mishale ikahama papo hapo: katika kila kumi, minne ilidanganya mchana kweupe.

Saa nne ikagonga. Angeweza kuifuta ile alama. Hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye na Mama Risiti. Akaingia na chati zote mbili, akaeleza kosa lake kinagaubaga, huku shati likimganda mgongoni.

Mkurugenzi alizitazama kwa zamu.

"Hii nzuri ndiyo ipi?"

"Ndiyo iliyokosea, mkuu. Inachungulia kesho."

"Na washindani wetu wanatazama wapi?"

"Jana, mkuu. Kama watu wote."

"Unaona, basi! Sisi tuko mbele yao kwa siku mbili nzima. Nani atawapelekea wateja hii?"

Mkuu wa mauzo, mtu mwenye maneno mengi aliyepewa jina la Redio, alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

"Jina langu lisiwekwe kwenye fomula hiyo," mchambuzi akasema.

"Halitawekwa," mkurugenzi akajibu kwa upole. "Wala mlangoni."

Kabla ya chakula cha mchana, Redio alikuwa amekwisha kuhamia ofisi ya mkuu wa idara. Saa nane akatoka mbio, simu ameiziba kwa kiganja.

"Ndugu yangu, niokoe! Mteja anataka mshale wa leo, na mimi siuoni. Nimwambie nini?"

"Mwambie apige kesho."

"Na kesho atauona?"

"Wa leo? Ataukuta, na utakuwa sahihi kabisa."

Uso wa Redio ukang'aa. "Ndiyo maana nakupenda, bwana. Huna makuu, na majibu unayo." Akalirudisha jibu lile kwa mteja neno kwa neno, akashukuriwa sana, kisha akaagiza lichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa juu ya kila simu ya idara.

Mama Risiti alilisoma bango la meza yake mara mbili, akamtazama mchambuzi, akamsogezea kiti.

"Kaa, kaka. Hiyo ya kweli nayo, leo inasemaje?"

"Tuuze," akasema, akilegeza tai. "Lakini huenda inakosea."