Mama Asiyegeuka

Mwaka 1975 mwalimu Lupakisyo alihamia kijiji kipya cha mbugani, upande wa Tindiga, na katika kijiji kizima ni yeye tu aliyekosa hata ndugu mmoja wa kugombana naye. Wenzake serikali iliwahamishia hapo pamoja na wake zao, mbuzi wao na vyungu vyao. Yeye alishuka kwenye lori na sanduku la bati, godoro la sufi na barua ya uhamisho. Kwao ni Tukuyu, kwenye migomba na ukungu. Hapa alikuta udongo mweusi unaonata miguuni, mbu, na nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Wazee walizungumza Kisagara. Akiwakaribia waligeukia Kiswahili kwa heshima, wakamsalimu, wakamwuliza habari za shule, kisha maneno yakaisha. Hakuna aliyemtendea ubaya. Hakuna aliyebisha hodi kwake pia.

Shule ilikuwa banda la miti na nyasi, na vitabu vilikuwa havijafika. Mwalimu akaokota mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa ghala, akaikung'uta, akaikata kurasa na kuzishona kwa uzi wa katani. Mkaa ulimpa weusi, bizari ikampa njano, na bluu ya kufulia ikampa mbingu. Jioni saba mfululizo alichora hadithi ya mtoto aitwaye Agnesi, ambaye kila alichokichora ukutani kilipata uhai. Alichora kuku, kuku akaruka chini na kutaga. Alichora mbuzi, mbuzi akala kanga ya bibi. Alichora wingu, nyumba ikavuja.

Watoto walikipenda kitabu kile kupita kiasi. Kwenye ukurasa wa mbuzi walicheka hadi wengine wakateleza kwenye magogo waliyokalia. Magreti peke yake hakucheka. Alikuwa na miaka minane hivi, akilelewa na shangazi yake, Natalia, na tangu shule ifunguliwe mwalimu hakuwahi kusikia sauti yake.

Siku moja baada ya masomo alibaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Magreti. Mbona hujaenda nyumbani?"

"Nichoree mama."

Mwalimu alijua habari zake. Mama yake alifariki wakiwa bado kijiji chao cha zamani, Zombo, akazikwa huko, na kijiji kilipohama kaburi likabaki. Alitaka kumwambia kwamba hadithi ni hadithi tu. Lakini mtoto aliyenyamaza miezi mitano amesema, utamjibu nini? Akachukua karatasi.

"Haya, niambie. Uso wake ulikuwaje?"

Magreti akafikiri. "Mzuri."

"Wa duara? Mrefu?"

Mwalimu akachora uso wa duara, macho makubwa, tabasamu. Magreti akautazama, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mtu mwingine."

Akachora wa pili, na wa tatu. Mara zote ni mtu mwingine. Hapo ndipo mwalimu alipoelewa: Magreti hakuikumbuka sura ya mama yake.

Akaweka mkaa chini. "Basi niambie unachokikumbuka."

"Kisigino. Kilikuwa na ufa. Na jembe begani. Na kanga nyekundu, ameifunga hivi." Akaonyesha kiunoni. "Mimi nilikuwa natembea nyuma yake tukienda shamba."

Mwalimu akamchora mwanamke kwa nyuma, njiani, jembe begani, kanga akaipaka vumbi jekundu la kigae cha chungu. Ule ufa wa kisigino aliuchora kwa ncha ya mwiba. Magreti akasogea, akashusha pumzi.

"Ndiye."

Akaketi mbele ya karatasi, mikono mapajani, akingoja. Kivuli cha banda kilirefuka uani.

"Mwalimu, hageuki."

"Hatageuka, mwanangu. Mimi siyo Agnesi. Agnesi nimemtunga."

Alitegemea kilio. Magreti aliendelea kutazama tu, kisha akaomba mkaa. Akainama, ulimi nje, akachora mtoto mdogo chini kabisa ya karatasi, miguu kama njiti, kwenye njia ileile.

"Huyo ni wewe?"

"Ndiyo. Mama asitembee peke yake."

"Mbona uko mbali naye hivyo?"

"Mama ana hatua ndefu," alisema Magreti.

Jua lilikuwa limeshuka, ikabidi mwalimu amsindikize. Natalia alikuwa jikoni. Aliipokea karatasi, akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa moto na kuitazama tena. Akamwita marehemu wifi yake kwa jina, polepole, "Verdiana," kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga na kuvuta kigoda.

"Karibu, mwalimu. Tuna mlenda tu."

Walikula watatu. Magreti aliweka karatasi pembeni, mbali na mlenda.

"Kwenu ni wapi hasa, mwalimu?" Natalia akauliza.

Lilikuwa swali dogo, na tangu afike hakuna aliyewahi kumwuliza. Alitaka kusimulia ukungu wa asubuhi, migomba, na mama yake mwenyewe anayepiga chafya kila akiwasha moto.

"Mbali," alisema.

Natalia alimwongezea ugali.